Kijidudu Hujulikana kwa Chakula Chake

Na Mganga Msaidizi, Kimandolu



Asubuhi nyingi katika zahanati huanza kwa maneno haya: "Daktari, nipime malaria na taifodi." Mgonjwa ameketi kwenye benchi, ana homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, na tayari amekwisha jichagulia magonjwa mawili. Akipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni, akaambiwa hana, basi kwake imebaki taifodi tu. Na mara nyingi njiani amekwisha kupita dukani akameza vidonge vinne vya rangi mbili "vya kutuliza kwanza".

Leo tuzungumze juu ya swali ambalo mgonjwa huyu hajaliuliza. Ni kijidudu gani hasa kinachomtia homa, na wataalamu wa maabara hukijuaje? Jibu lake linaanzia katika kibuyu cha maziwa, kwa hiyo msomaji wa Kimandolu, Tengeru au Ngaramtoni anajua zaidi ya anavyofikiri.

KIBUYU NA PIPA

Mama akikamua maziwa akayaweka kibuyuni, baada ya siku mbili au tatu yameganda na yana ukali. Ndiyo hayo tunayochanganya na mahindi tukapata loshoro. Ni nani aliyeyagandisha? Ni vijidudu aina ya bakteria vilivyomo kibuyuni. Vinakula sukari ya maziwa, na baada ya kula vinatoa uchafu wake, kama vile mimi na wewe tunavyokula na kutoa. Uchafu huo ni asidi. Asidi ndiyo ule ukali, na ndiyo inayoyafanya maziwa yashikamane.

Sasa tazama pipa la mbege. Humo sukari ni ya ndizi, na mlaji ni hamira. Yeye akila sukari hutoa kilevi na hewa, na hewa hiyo ndiyo povu unaloliona likipanda. Walaji ni tofauti na mabaki ni tofauti. Mtu anayeonja vyombo hivi viwili, hata kama amefumbwa macho, atakuambia ni nani alikuwa humo, wala hahitaji hadubini.

Karibu kazi yote ya kutambua bakteria katika maabara imejengwa juu ya jambo hilo. Bakteria wengi wakitazamwa kwa hadubini wanafanana mno. Kijidudu kinachoitwa kwa kifupi E. coli, ambacho hukaa tumboni mwa kila mtu na mara nyingi hakina neno, na kijidudu cha salmonela kinacholeta homa ya matumbo, yaani taifodi, vyote viwili ni vijiti vidogo vya rangi moja. Ukiviweka pamoja huwezi kuvitenganisha kwa macho. Ukivipa chakula, vinajitaja vyenyewe.

KUOTESHA

Mtaalamu wa maabara huchukua damu, mkojo, choo au usaha wa mgonjwa, akaupandikiza juu ya chakula kilichotayarishwa, akauweka katika kabati lenye joto la mwili wa mtu, nyuzi 37. Kisha husubiri. Kazi hii tunaiita kuotesha, na kweli inafanana na kitalu cha mboga.

Kijidudu kimoja hakionekani kwa macho, kwa sababu urefu wake ni kama milimita moja iliyogawanywa mara elfu, au zaidi yake kidogo. Lakini kikipata chakula kizuri hugawanyika kikawa viwili. E. coli mwenye chakula tele hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na chakula kisipopungua, baada ya saa 10 vimezidi 1,000,000,000. Ndiyo maana asubuhi mtaalamu akifungua kabati anaona juu ya chakula vituta vidogo kama kichwa cha pini. Kila kituta ni ukoo mzima uliotoka kwa mzazi mmoja.

Chakula hicho hugandishwa kwa unga wa agari, utokao katika mwani wa baharini (si aina ile inayolimwa sana Unguja, bali jamaa yake). Wazo la kutumia agari halikutoka kwa profesa. Lilitoka jikoni. Mwaka 1881 huko Ujerumani, Bwana Walther Hesse alikuwa akifanya kazi na Robert Koch, yule aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Hesse alitumia gelatini, nayo ilikuwa ikimwudhi, kwa sababu iliyeyuka kwenye joto na vijidudu vingine viliila kabisa. Mkewe, Fanny Hesse, alimwambia ajaribu agari ambayo yeye huitumia kugandishia vyakula vya matunda. Mpaka leo maabara za dunia nzima zinaitumia, na jina la mama huyo wengi wetu hatukufundishwa.

Mwaka 1905 Alfred MacConkey, aliyefanya kazi Liverpool, Uingereza, alieleza chakula chenye ujanja wa namna yake. Alitia ndani chumvi za nyongo, ili vijidudu visivyozoea kuishi tumboni vishindwe kuota. Akatia sukari ya maziwa. Halafu akatia rangi ambayo hubadilika kuwa nyekundu ikiguswa na asidi. Unaona alivyofanya? Ametengeneza kibuyu kinachosema kwa rangi. E. coli anakula sukari ya maziwa, anatoa asidi, na vituta vyake vinakuwa vyekundu au vya waridi. Salmonela hali sukari ya maziwa, anakula vitu vingine vilivyomo, kwa hiyo vituta vyake hubaki vyeupe. Vijiti vile vilivyofanana kama mapacha sasa vimetengana, kwa usiku mmoja, kwa sababu kimoja kinapenda sukari ya maziwa na kingine hakiiwezi.

Bila shaka kutokula sukari ya maziwa pekee hakutoshi kumtia mtu hatiani, maana wako wengine wasioila. Basi mtaalamu huendelea kuuliza. Anakula glukosi? Akila, anatoa hewa? Salmonela wa homa ya matumbo hula glukosi lakini hatoi hewa. Ndugu zake wengi wa salmonela huitoa. Anavunja urea, ile ya kwenye mkojo, ikatoka amonia yenye harufu ya choo cha shimo? Kama ndiyo, pengine ni protea. Kijidudu cha kipindupindu hupewa chakula chake chenye sukari ya kawaida ya miwa na rangi. Akiila, vituta vinakuwa vya njano. Katika miaka ya 1970 vilienea vipande vya plastiki vyenye vishimo 20, kila kishimo na chakula chake. Majibu ya ndiyo na siyo ya vishimo hivyo hugeuzwa kuwa namba ya tarakimu saba, na mtaalamu huitafuta namba hiyo kitabuni, kama vile karani anavyotafuta jina katika daftari la wapiga kura.

Baada ya jina kujulikana, kuna jambo moja zaidi. Kijidudu hicho hicho hutandazwa juu ya chakula, kisha huwekewa visahani vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Pale ambapo dawa ina nguvu, panabaki duara tupu ambamo hakikuota kitu. Pale ambapo kijidudu kimeizoea dawa, kinaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Hapo ndipo mganga anajua dawa ipi itamponya mgonjwa huyu na ipi ni kupoteza fedha zake.

DAMU ILIYOMO CHUPANI

Katika damu vijidudu huwa ni wachache sana, pengine kimoja au viwili tu katika kijiko cha damu. Kwa hiyo kwa mtu mzima huchukuliwa damu ya kutosha, kama mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, si tone la kidoleni. Wananchi wengine hulalamika hapo: "Mnanimaliza damu." Hapana, mwili una lita tano hivi, na ukichukua kidogo mno unaweza kumkosa mwizi kwa sababu hakuwamo katika kijiko ulichochota.

Chupa ina mchuzi wenye chakula. Huwekwa katika mashine inayoitikisa taratibu na kuitazama usiku na mchana. Katika aina moja ya mashine, chini ya chupa kuna kibati chenye rangi. Bakteria wakila mchuzi hutoa hewa ya ukaa, sawa na povu la pipa letu la mbege, na hewa hiyo hukigeuza kibati kuwa cha njano. Mashine inapiga kengele. Hapo bado hatujui ni nani, tunajua tu kwamba kuna mtu ndani anakula. Chupa kwa kawaida husubiriwa mpaka siku tano kabla ya kusema hamna kitu.

Je, kazi yote hii ina faida gani kwetu huku chini ya Mlima Meru? Sikiliza yaliyoonekana kwa majirani zetu wa Moshi, kilomita 80 hivi kutoka hapa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa kali waliolazwa katika hospitali mbili, KCMC na Mawenzi. Kwa kutazama dalili, wagonjwa 528 walidhaniwa wana malaria. Vipimo vilipokamilika, wale ambao homa yao ililetwa na malaria kweli walikuwa 14. Watu 85 walikutwa na bakteria ndani ya damu yenyewe. Na miongoni mwa waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, asilimia 8.8 walikuwa na leptospira, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, asilimia 5 walikuwa na homa ya Q, na asilimia 3.5 walikuwa na brusela. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Soma tena namba zile mbili, 528 na 14, halafu mfikirie yule mgonjwa wetu wa kwenye benchi aliyekwisha jichagulia.

Na taifodi yake je? Kipimo kinachotumika sana ni cha Widal, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti kijidudu. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana naye au na jamaa zake. Lakini askari hubaki kambini muda mrefu baada ya vita kwisha. Mtu aliyeugua zamani, au aliyechanjwa, au aliyepatwa na salmonela wa aina nyingine, anaweza kuonekana anayo wakati homa ya leo imeletwa na jambo jingine kabisa. Huko Muheza, Tanga, watoto waliolazwa walipimwa kwa Widal na pia kwa kuotesha damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Katika kila watoto wanne ambao Widal ilisema wana homa ya matumbo, ni kama mmoja tu ambaye kijidudu chenyewe kilionekana. Ila Widal iliposema mtoto hana, ilikuwa karibu kila mara inasema kweli. Kwa hiyo si kipimo cha kutupwa, lakini cheti cha "taifodi ipo" kisikufanye uache kuuliza.

KOSA LANGU

Hapa nieleze jambo lililonipata, maana linahusu jambo kubwa kuliko yote katika makala hii.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mzee mmoja anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa kwenye shamba lake la migomba. Homa ilimpanda jioni, usiku akalowa jasho, mgongo na nyonga vikamuuma mpaka akawa anainuka kwa fimbo. Ilikuwa wiki ya tatu. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikampa antibayotiki ya siku saba na kumwambia arudi. Alirudi siku ya sita, nafuu ilikuja kisha ikaondoka. Ndipo nikamwandikia barua akatolewe damu ya kuotesha.

Baada ya wiki moja akaja na karatasi. Hakuna kilichoota. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wamechukua damu chupa mbili, wanasema hamna kitu. Sasa hiki kinachonitetemesha usiku ni nini?"

Sikuwa na jibu, na niliona aibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepanga mambo kinyumenyume. Kuotesha kunahitaji kijidudu kilicho hai na chenye hamu ya kula. Mimi nilikuwa nimekipiga kwa dawa ambayo haikutosha kukiua, lakini ilitosha kukilaza. Kijidudu kilicholala hakili, asiyekula hatoi hewa, na chupa isiyo na hewa hainyamazishi wasiwasi wa mtu, inanyamaza tu. Mzee alipimwa tena baadaye kwa njia nyingine, akakutwa na brusela. Alikuwa akinywa maziwa mabichi kila asubuhi, bilauri moja, tangu utoto wake. Alipewa dawa mbili kwa pamoja kwa wiki 6 akapona. Lakini kati ya siku aliyofika kwangu na siku aliyoanza dawa zinazofaa ilipita miezi miwili, na katika miezi hiyo mama wa nyumbani kwake alikata majani ya ng'ombe peke yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, vile vidonge vinne vya rangi mbili "vya kutuliza kwanza" havitulizi homa. Vinaziba mdomo wa shahidi.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa mahututi, mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, aliyepoteza fahamu au mwenye degedege, hasubirishwi siku tatu bila dawa. Yeye hutolewa damu kwanza, jambo la dakika chache, na dawa huanza papo hapo. Na penye zahanati isiyoweza kuotesha, anaanzishwa dawa na kupelekwa hospitali haraka, bila kungoja chochote.

KIJITI CHA MKOJO

Huenda unasema mashine hizo ziko mbali. Kimoja cha vipimo hivi vya chakula na mabaki kimo hata katika zahanati nyingi ndogo, nacho ni kile kijiti chenye miraba ya rangi kinachotumbukizwa katika mkojo. Mmoja wa miraba hiyo hutafuta naitraiti. Mkojo wa kila mtu una naitreti inayotokana na mboga na vyakula vingine. E. coli, ambaye ndiye mwenye makosa mara nyingi zaidi katika ugonjwa wa njia ya mkojo, huigeuza naitreti kuwa naitraiti. Mraba ukiwa wa waridi, maana yake kuna aliyekuwa akila humo.

Lakini kijidudu kinahitaji muda wa kufanya kazi hiyo, kama saa nne mkojo ukiwa kibofuni. Ndiyo sababu tunapenda mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mama akija saa sita mchana, tena amekwisha kwenda haja mara tatu, kijiti kinaweza kusema hamna naye anaungua. Tena wako bakteria wachache wasiogeuza naitreti kabisa, kijiti hakiwaoni. Nawe unapokinga mkojo, nawa kwanza, uache wa mwanzo upite, kinga wa katikati. La sivyo tutapima vijidudu vya ngozi yako, ambavyo havina kesi.

MLAJI MVIVU NA PANYA WA MOROGORO

Kijidudu cha kifua kikuu ni mlaji mvivu. E. coli hugawanyika kwa dakika 20. Huyu huchukua saa 15 hadi 20, na pengine zaidi. Kumwotesha juu ya chakula kigumu kunaweza kufika wiki 8. Kwa hiyo zilitengenezwa chupa za mchuzi ambazo chini yake mna dawa inayong'aa ikimulikwa kwa taa maalumu, lakini oksijeni iliyomo ndani ya mchuzi huizuia kung'aa. Bakteria wakivuta oksijeni yote, chupa inawaka. Hapo tena hatukumwona kijidudu, tumeona alichokitumia. Hata hivyo huchukua hadi siku 42 kusema kwa uhakika kwamba hamna. Siku hizi nchini mwetu makohozi hupimwa kwanza kwa mashine inayosoma vinasaba vya kijidudu kwa muda wa saa mbili hivi, na kuotesha hutumika zaidi kwa kifua kikuu sugu, ugonjwa ambao wazee wetu wanaihusisha moja kwa moja na hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Ila njia ninayoipenda mimi ni ya panya buku. Shirika la APOPO lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, likahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka 2000. Kwanza waliwafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Baadaye panya wengine wakafundishwa kunusa makohozi. Kijidudu cha kifua kikuu kinapokula hutoa hewa zenye harufu yake mwenyewe. Pua ya mtu haizipati, pua ya panya buku inazipata. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, ulioongozwa na Georgies Mgode wa Sokoine, ulitaja hewa 13 ambazo ni za kijidudu hiki.

Makohozi huchemshwa kwanza kuua vijidudu, lakini harufu hubaki. Panya hupita juu ya vishimo, na akikuta harufu husimama na kukwaruza, kisha hupewa zawadi ya ndizi iliyopondwa. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mtu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Panya hatoi hukumu. Sampuli aliyoikwaruza hupimwa tena na binadamu kabla mgonjwa hajaitwa. Lakini kwa njia hii walipatikana wagonjwa wengi ambao hadubini za kliniki zilikuwa zimewapitisha, watu waliokuwa wamerudi nyumbani kukohoa katikati ya watoto wao.

Huko ng'ambo sasa wanatengeneza mashine zenye pua kama hiyo, tena inayohesabu. Mashine hupima kwa mara moja mabaki mengi ya kijidudu: hiki kimeliwa, kile kimetolewa, kwa kiasi gani. Kila aina ya bakteria ina orodha yake, kama saini. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walieleza njia ya namna hii kwa bakteria wa damu. Hawakungoja kituta kikue. Walipima kijidudu kinakula nini, kisha wakakitia dawa na kutazama kama kinaendelea kula. Kinachoendelea kula hakiogopi dawa hiyo. Muda wa kupata jina na dawa ulipungua kutoka saa 40 hadi chini ya 20. Kwa mtu ambaye damu yake imeingiliwa, saa hizo 20 zinaweza kuwa ndizo uhai wake. Mashine hizo ni ghali na zinataka umeme usiokatika, kwa hiyo usije ukaziulizia kesho kwenye zahanati yako. Lakini hata mashine hiyo, kwa ukubwa wake wote, inataka kitu kile kile: damu iliyotolewa kabla ya dawa.

UKIJA KWETU

Basi homa ikikushika, njoo siku ya kwanza au ya pili, usingoje wiki. Kama umekwisha kumeza kitu, usinifiche kwa kuogopa kugombezwa; njoo na pakiti yenyewe, hata kama imebaki karatasi tu, nami nitaandika jina la dawa na siku uliyoanza kwenye barua ya rufaa, ili wa maabara ajue kwa nini chupa yake inachelewa. Niambie unafuga nini, kama ng'ombe au mbuzi wako ametupa mimba mwaka huu, na kama nyumbani kwako maziwa hunywewa mabichi. Ukiambiwa majibu ya kuotesha ni baada ya siku tatu au tano, hakuna aliyeketi juu ya faili lako akisubiri chochote. Kinachosubiriwa ni kijidudu kimalize kula. Nenda kayachukue majibu hata kama umepata nafuu, kwa sababu karatasi hiyo inasema pia dawa ipi ifuatwe na ipi iachwe.

Yule mzee wa brusela hupita zahanati mara kwa mara, tunaamkiana. Ng'ombe wake walipimwa na mtaalamu wa mifugo, mmoja akaondolewa. Maziwa sasa yanachemshwa mpaka yafure, yanaachwa yapoe, ndipo yanatiwa kibuyuni na kijiko kimoja cha mgando wa jana. Yanaganda vizuri kama zamani. Yeye anasema ladha si ile.